Kutazama ndege na wanyama wadogo Saanane na ufukwe wa Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jumamosi nyingi natembea na majirani na wanafunzi wachache, kuanzia Capri Point hadi kisiwani Saanane, kutazama ndege na viumbe wa mawe. Maswali ni yale yale kila wiki, na mengi huulizwa wakati nina darubini usoni. Ndiyo maana nimeyaweka hapa.

## Ya kuanzia

Saanane ni bustani ya wanyama au ni hifadhi?

Ni hifadhi ya taifa, chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Wazee wanaoiita "zoo" nao hawakosei sana, kwa sababu mwaka 1964 ilianza kama bustani ya wanyama, na wengi wao walipelekwa huko na shule wakiwa watoto. Hadhi ya hifadhi ya taifa ilikuja mwaka 2013. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi kisiwani kabla ya hapo.

Ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 2.18 tu, na sehemu kubwa ya hizo ni maji. Usiende ukitegemea Serengeti. Nenda ukitegemea mawe, miti, maji, na viumbe wanaokaa hapo katikati.

Nafikaje, na nalipaje?

Ofisi ya hifadhi na gati ya boti ziko Capri Point, na kuvuka ni dakika chache. Viingilio vya raia wa Afrika Mashariki ni nafuu kuliko vya wageni, kwa hiyo beba kitambulisho. Ulizia bei za sasa pale pale ofisini, maana hubadilika. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019.

Sina hela ya boti. Nitaona nini nikibaki nchi kavu?

Karibu kila ndege aliyetajwa kwenye ukurasa huu. Tai, mnandi, mdiria na yangeyange hawajui mpaka wa hifadhi. Kaa ufukweni unaotazama Jiwe la Bismarck alfajiri, au nenda Luchelele, au Igombe wakati mitumbwi inarudi. Mjusi wa rangi mbili naye yuko kwenye mawe ya mjini. Anachokuzidi aliyevuka ni utulivu: kisiwani hakuna bodaboda, na wanyama hawakimbii mapema.

Lazima niwe na darubini?

Si lazima siku ya kwanza. Ukiamua kununua, ile iliyoandikwa 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha. Zinazokuza zaidi hutetemeka mkononi, na ndani ya boti ni mateso. Kamera ya simu haitakupa picha nzuri ya ndege, ila itakupa ushahidi wa kutosha kubishana jioni.

Kuna programu ya simu iitwayo Merlin, ya bure, inayosaidia kutambua ndege. Pakua orodha ya eneo letu mapema ili ifanye kazi bila bando. Isikilize kama unavyomsikiliza mpita njia anayekuelekeza barabara: mara nyingi yuko sahihi, mara nyingine anakupoteza kwa kujiamini kabisa.

Saa ngapi nzuri?

Jua la Mwanza huchomoza kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja kamili asubuhi, mwaka mzima. Kwa ndege, uwe umeshakaa mahali pako jua linapotoka. Kwa mijusi na pimbi usihangaike kudamka. Wanasubiri jiwe lipate moto, kwa hiyo saa tatu hadi saa tano ndiyo saa yao. Saa saba mchana kila kiumbe mwenye akili yuko kivulini. Saa kumi na moja jioni mambo huanza upya.

## Majira

Nasoma mtandaoni kwamba ndege hutazamwa "majira ya kuchipua". Sisi tunayo?

Hatuna. Hayo ni majira ya Ulaya na nchi nyingine zenye baridi, kuanzia Machi hadi Mei, ambapo miti iliyokuwa mitupu hutoa majani na ndege huanza kujenga. Hapa ziwani miti mingi haikuwa mitupu, na kinachowapa ndege habari ya kujenga ni mvua.

Sisi tuna mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Ukitaka kuona kitu kinachofanana na huo msisimko wanaousimulia, toka siku ya pili baada ya mvua kubwa ya kwanza ya vuli. Kumbikumbi wanatoka ardhini kwa maelfu, watoto wanakimbia na ndoo, mwewe wanawadaka angani kwa kucha, mbayuwayu wanapita chini yao, na hondohondo mzima anaruka kizembe kutoka mtini kuokota mmoja mmoja. Kwera madume, waliokuwa wa rangi ya vumbi, wanageuka manjano na kuanza kusuka viota. Mimi siku hiyo huwa siendi mbali. Nakaa chini ya taa ya barabarani nyumbani.

Kiangazi, Juni hadi Septemba, si kibaya. Nyasi ni fupi na wanyama wanaonekana kirahisi. Ila kuna nyimbo chache.

Kwa hiyo Machi na Aprili hakuna cha pekee?

Kipo, na ndicho kinachotuunganisha na hayo majira yao. Kuanzia Septemba na Oktoba ziwa hupokea wageni wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia: mbayuwayu, keremkerem wa Ulaya, na buabua wa mabawa meupe. Machi na Aprili wanaondoka. Kabla ya safari wanabadili manyoya, na buabua ndiye wa kutazama. Miezi yote amekuwa wa kijivu, hana mvuto. Sasa anakuwa mweusi tii mwilini, mabawa yamebaki meupe, kama aliyetoka kushonewa suti ya harusi. Na harusi kweli anaiendea, maelfu ya kilomita kaskazini.

Majira ya kuchipua ya Ulaya, kwa upande wa ndege hao, huanzia hapa kwetu.

Nitajuaje mbayuwayu mgeni na mwenyeji?

Tazama kifua. Mbayuwayu wa Ulaya ana koo jekundu, kisha mshipi mpana wa rangi nyeusi ya samawati kifuani, na tumbo jeupe. Mwenyeji wa ziwa letu, mbayuwayu wa Angola, ana wekundu unaoteremka hadi kifuani, mshipi mwembamba uliokatika, na tumbo la kijivujivu. Juni ukiona mbayuwayu wa koo jekundu, karibu hakika ni mwenyeji. Mgeni yuko kwao analea.

Ule "moshi" unaosimama juu ya ziwa ni nini?

Ni vijidudu. Mabuu yao huishi ndani ya maji na kwenye tope la ziwa, kisha huibuka kwa pamoja, mamilioni kwa mamilioni, wakapanda angani kama nguzo ya moshi. Kuibuka huko huwa kwingi karibu na mwezi mwandamo, jambo ambalo wavuvi wa dagaa wanaofuata giza la mwezi wanalijua vizuri. Hawaumi, ila funga mdomo.

Kwa mtazamaji wa ndege, moshi huo ni kengele ya chakula. Elekeza darubini chini yake: mbayuwayu, buabua na shakwe watakuwa hapo. Ndiyo sababu mimi hupanga safari kwa kutazama mwezi kwanza, ndipo kalenda ya kazi.

## Ndege wa ufukweni

Ni ndege gani yule anayelia mpaka anarudisha kichwa nyuma?

Tai mlasamaki. Kichwa, kifua na mkia ni vyeupe, tumbo na mabega ni ya rangi ya kahawia iliyoiva, mabawa meusi. Mara nyingi wako wawili na hupokezana sauti, mmoja wa juu zaidi na mwingine wa chini. Ukimsikia mmoja, mtafute mwenzake kwenye mti wa jirani.

Tahadhari: kijana wake hafanani naye. Ana mabaka ya kahawia na weupe uliochafuka, na hukaa hivyo kwa miaka kadhaa. Niliwahi kutangaza mbele ya kundi zima kwamba nimepata tai adimu kutoka mbali, na kijana mmoja wa sekondari akaniuliza kwa adabu mbona mama yake amekaa tawi la juu.

Yule mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji?

Huyo ni mdiria, na kama ningeambiwa nichague ndege mmoja wa ziwa hili ningemchagua yeye. Anapiga mabawa akiwa amesimama mahali pamoja hewani, kichwa kimetulia kabisa, kisha anadondoka kama jiwe. Kwa kuwa hahitaji tawi la kukalia, anaweza kuvua mbali na ufukwe, mahali ambapo mdiria wa aina nyingine hawafiki. Dume ana mishipi miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja tu, tena umekatika katikati.

Maisha yake ya nyumbani yanachekesha kidogo. Huchimba shimo kwenye ukingo wa udongo, na jozi husaidiwa kulisha makinda na madume wasio na wake. Watafiti waliolinganisha mdiria wa Ziwa Victoria, upande wa Kenya, na wale wa Naivasha waliona kwamba Naivasha jozi hukubali msaidizi aliye mtoto wao tu na kuwafukuza wengine. Ziwani kwetu, ambako kuvua ni kugumu zaidi, hata asiye ndugu anakaribishwa. Shida ni mwalimu.

Tena historia ya ziwa imeandikwa tumboni mwake. Mdiria hutapika vidonge vya mifupa ya samaki, na mifupa hiyo inasomeka. Zamani hapa Ghuba ya Mwanza alikula zaidi furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili. Sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, alipokuja kuwamaliza furu wengi katika miaka ya 1980, mdiria akahamia kwa dagaa. Dagaa ni mwembamba, kwa hiyo inambidi avue samaki wengi zaidi ili kushiba kama zamani.

Mnandi na mbizi nawatofautishaje? Wote weusi, wote wanaanika mabawa.

Mdomo. Wa mnandi una ndoana nchani. Wa mbizi umenyooka kama mkuki, na shingo yake ina kona kama nyoka. Akiogelea, mbizi huzamisha mwili wote akaacha shingo tu, na mgeni hupiga kelele "nyoka!" Wanaanika mabawa kwa sababu manyoya yao hulowa, na kulowa huko ndiko kunakowasaidia kuzama.

Kila ndege mweupe ni yangeyange?

Yangeyange ni ukoo, si mmoja. Wa mdomo wa njano, shingo fupi, anayefuata ng'ombe, ndiye wa malishoni. Wa mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya njano, kama aliyekanyaga rangi, ni yangeyange mdogo. Huyo huvua majini. Mweupe mwenye kichwa cheusi kisicho na manyoya na mdomo uliopinda kwenda chini si yangeyange kabisa, ni kwarara.

Na lile korongo kubwa la upara linalozunguka mwaloni Kirumba?

Korongo mfukoshingo. Watu wanamchukia kwa sura, na sura kweli hakujaliwa, lakini anafanya usafi ambao hakuna anayemlipa. Matumbo ya samaki na mizoga, vyote vyake. Kichwa hakina manyoya kwa sababu hukiingiza mahali pachafu. Ule weupe wa miguuni si rangi: hujinyea makusudi ili miguu ipoe wakati wa jua. Watoto wakishaambiwa hilo hawasahau tena.

Nimeona rundo la vijiti kubwa kama gunia kwenye uma wa mti. Ni la nani?

La fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo. Ni nyumba yenye paa, iliyokandikwa tope ndani, na mlango uko upande wa chini. Inaweza kufikia upana wa mita 1.5. Ndege mwenyewe hafiki hata nusu yake. Sehemu nyingi kuna mwiko wa kuvunja kiota hicho. Mwiko huo nauunga mkono bila kuuliza sababu.

Magugu maji yana faida yoyote kwa ndege?

Kwa sile-maua, ndiyo. Vidole vyake virefu mno humwezesha kutembea juu ya majani yanayoelea. Kwa wavuvi jibu ni tofauti, nanyi mnalijua.

## Wakazi wa mawe

Kuna mjusi mwekundu na bluu. Ana sumu?

Hana sumu. Huyo ni mjusi kafiri wa Mwanza, na jina lake la kisayansi, *Agama mwanzae*, limebeba jina la mji wetu. Duniani wanamfahamu zaidi kama mjusi wa Spider-Man, kwa ajili ya kichwa na mabega mekundu na mwili wa bluu. Mwanza tumempa jina la kafiri na kumrushia mawe.

Mwenye rangi ni dume, tena dume mwenye eneo. Majike na madume wachanga ni wa kahawia, wanafanana na jiwe. Asubuhi ya baridi hata dume hupauka. Rangi humpanda jua linapompasha. Ukiona anatikisa kichwa juu chini, hakusalimii. Anamwambia mwenzake, au wewe, kwamba jiwe hili lina mwenyewe.

Pimbi ni panya?

Hapana, ingawa mtaani jina lake limekuwa tusi la mtu mfupi. Ndugu zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Mimba yake huchukua miezi saba hivi, muda mrefu mno kwa mnyama wa ukubwa wa sungura. Mtafute saa tatu asubuhi, familia nzima imelala juu ya jiwe, mmoja amekaa pembeni akilinda. Mlinzi akipiga mluzi wote wanatoweka, nawe tazama juu: kuna tai.

Kenge wa Saanane ni hatari?

Akiachwa, hapana. Akizibiwa njia atapiga kwa mkia na kung'ata. Anakula mayai, ya mamba yakiwemo, kwa hiyo mnadaiwa shukrani. Yake mwenyewe huyataga ndani ya kichuguu. Mchwa huziba tundu na kuyatunzia joto bila kujua.

Fisi maji bado wapo?

Wapo, ila ni bahati. Alfajiri, maji yakiwa yametulia, tafuta mstari wa mapovu na kichwa kidogo bapa karibu na mawe. Nyavu huwaua, kwa kuwa huingia kufuata samaki.

## Usalama

Naweza kuingia majini nipige picha vizuri?

Usiingie. Kwanza mamba, kisiwani na ufukweni wapo, na wakati mwingine kiboko. Pili kichocho: konokono wanaokibeba hupenda maji tulivu yenye majani, yaani hapo hapo ndege walipo. Kama umelowa bila kutaka, jifute haraka kwa taulo, na baadaye ukapime.

Nyoka na tumbili?

Vaa viatu vya kufunika, usiingize mkono kwenye mpasuko wa jiwe, tembea kwa kishindo kidogo kwenye nyasi. Chatu ukimwona, rudi nyuma na ufurahi. Tumbili ni suala la chakula: fungia ndizi ndani ya begi, begi ulifunge zipu. Usimlishe hata akikuomba kwa macho, maana kesho atamnyang'anya mtoto wa mwenzako.

## Mambo ya pembeni

Kwa nini wewe unamwita tai mlasamaki na mwingine anamwita kwazi?

Kwa sababu wote tuko sahihi. Wengine humwita hata furukombe. Majina ya ndege kwa Kiswahili yamekua pwani, yakafika ziwani na kukuta Wasukuma, Wakerewe na Wajita wana yao. Mkibishana, taja umbo na tabia.

Nimeokota kinda chini. Nilipeleke nyumbani?

Tazama kwanza. Kama lina manyoya na linarukaruka, linajifunza kuruka na wazazi wako karibu wanakusubiri uondoke. Kama halina manyoya na kiota unakiona, lirudishe. Harufu ya mkono wako haitawafanya wazazi walikatae. Kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, hata kama nia yako ni huruma. Ndani ya hifadhi usiguse kitu, mwite askari.

Naruhusiwa kuwaita ndege kwa kupiga sauti zao kwenye simu?

Mimi nimeacha. Ndege akisikia sauti hiyo anadhani kuna mvamizi, anaacha mayai kuja kupigana na simu yako. Wakati wa kujenga (tazama swali la majira ya kuchipua) ni mbaya zaidi.

Na droni?

Ndani ya hifadhi, si bila kibali cha maandishi. Nje ya hifadhi, kumbuka tai ana eneo lake la anga, naye haombi kibali.

Bundi amekaa juu ya paa letu siku tatu. Kuna msiba?

Kuna panya.